Dirisha jeupe ndani ya programu ya kuchora: kwa nini kuiweka upya hakusaidii

Swali: Hujambo kaka. Mimi nabuni kabati za jikoni na za nguo, karakana yetu iko Ngong Road. Laptopu yangu niliinunua Luthuli Avenue ikiwa imetumika, zile za kutoka Uingereza, na kijana aliyeniuzia akaniwekea programu ya kuchora ambayo haikuwa imelipiwa. Miezi miwili iliyopita nimenunua leseni yangu halali na kuweka toleo jipya. Kuchora nachora bila shida, lakini dirisha la maktaba ya modeli, lile linalofunguka ndani ya programu yenyewe, linabaki jeupe kama karatasi. Chrome inafungua kila kitu. Nimeiondoa programu na kuiweka tena mara tatu, bando lote likaishia hapo. Kuna mteja wa Kileleshwa anangoja picha za jiko lake wiki hii. Ubaya uko kwa laptopu, kwa intaneti au kwa programu?

Jibu: Dada yangu, usiiweke upya mara ya nne. Programu uliyoilipia karibu hakika ni nzima, na intaneti inafika. Kilichokwama ni kivinjari kidogo kilichofichwa ndani ya programu, na vitu vinavyokikwamisha kwa kawaida hukaa nje ya folda ya programu. Ndiyo sababu kila ukiiondoa na kuirudisha unavikuta palepale. Wewe mwenyewe umeshaona kabati ambalo droo zake hazifunguki kwa kuwa sakafu ya nyumba imeinama. Ukilibomoa na kuliunganisha tena mara tatu, bado litasimama juu ya sakafu ileile.

Tumhudumie mteja kwanza. Fungua tovuti ya maktaba kwa Chrome, ingia kwa akaunti yako ya leseni, pakua modeli za sinki, jokofu na mabomba unazohitaji, kisha ziingize kwenye mchoro kama unavyoingiza faili nyingine yoyote. Maktaba kubwa kama 3D Warehouse ya SketchUp huruhusu hivyo. Mkono utafanya kazi zaidi, lakini picha za Kileleshwa zitatoka. Na kama tovuti hiyo itakataa kufunguka hata kwa Chrome, usivunjike moyo, kwa maana utakuwa umeshapata nusu ya jibu. Nitaeleza hapo chini.

Sasa tuje kwenye kivinjari chenyewe. Zamani programu ya kuchora ilikuwa kisiwa: unaiweka kutoka kwenye diski, unachora, basi. Siku hizi maktaba ya modeli, ukurasa wa kuingilia akaunti, duka la viongezi (programu ndogo zinazoongezwa ndani ya ile kubwa), hata ukurasa wa kukukaribisha asubuhi, vyote ni kurasa za wavuti. Watengenezaji hawataki utoke kwenye mchoro kwenda kuzitafuta, kwa hiyo wanapachika kivinjari humo ndani. Kivinjari hicho hakina mahali pa kuandika anwani, hakina kitufe cha kurudi nyuma, na kibaya zaidi, mara nyingi hakina ukurasa wa kukueleza kosa. Chrome ikishindwa inakuambia imeshindwa wapi na kukupa jina la hitilafu. Hiki kikishindwa kinanyamaza, nawe unabaki ukitazama weupe.

Kwenye Windows, vivinjari hivi vimepita vizazi viwili vikubwa. Kizazi cha kwanza kiliazima injini, yaani sehemu inayosoma ukurasa na kuuchora, ya Internet Explorer iliyokuwa tayari ndani ya kila kompyuta. Injini hiyo, ikipachikwa bila maelekezo maalumu, huonyesha kurasa kama vile bado tuko kwenye Internet Explorer 7, toleo la mwaka 2006. Unaweza kuwaza jinsi tovuti ya leo inavyopokelewa humo. Microsoft ilistaafisha Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022, lakini injini yake imeachwa ndani ya Windows kwa ajili ya programu za zamani, kwa hiyo kuna viongezi vya miaka mingi ambavyo bado vinaiegemea. Kizazi cha pili kimejengwa juu ya Chromium, mzizi uleule wa Chrome. Baadhi ya programu hubeba nakala yao wenyewe ya injini hiyo, hasa kupitia mradi wa CEF, yaani Chromium Embedded Framework, ulioanzishwa na Marshall Greenblatt mwaka 2008. Nyingine hazibebi chochote, zinatumia injini ya pamoja ya Microsoft iitwayo WebView2, iliyotolewa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020 na ambayo huja ndani ya Windows 11. SketchUp ni mfano mzuri wa mpito huu: kuanzia toleo la 2017 viongezi vyake vilipewa madirisha ya Chromium, huku yale ya zamani yakiwa yanategemea Internet Explorer. Kwa hiyo ndani ya programu moja unaweza kukuta dirisha moja linafanya kazi na jirani yake limekufa, na wote wawili wana sababu zao.

Hukunitajia jina la programu yako, na si neno, kwa sababu tunaweza kuitambua injini bila jina. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Nenda kwenye orodha ya Details, inayoonyesha majina kamili ya faili zinazoendeshwa, uipange kwa alfabeti. Kisha, orodha ikiwa wazi, fungua lile dirisha jeupe na utazame ni nini kinazaliwa. Ukiona msedgewebview2.exe zikiongezeka, injini ni WebView2. Neno kuongezeka ni la muhimu, kwa kuwa hata barua pepe na vifaa vingine vya Windows huitumia injini hiyohiyo, na utazikuta nyingine tayari zipo. Ukiona QtWebEngineProcess.exe, hiyo ni injini ya Chromium iliyoletwa na Qt, zana za kutengenezea programu. Ukiona faili yenye jina la programu yako ikizaa watoto kadhaa, nenda kwenye folda ya programu utafute libcef.dll, ikiwepo, ni CEF. Na kama hakuna kilichozaliwa kabisa, umepata habari kubwa kuliko zote: injini haiwaki, na hakuna haja ya kupoteza saa nzima ukichunguza intaneti.

Weupe wenyewe pia una lugha yake, nami huwa nausoma kabla ya kugusa chochote. Shika ukingo wa dirisha kwa kipanya uvute, ulipanue na kulipunguza. Ukurasa ukimulika mara moja kisha ukapotea, ujue umefika, tatizo ni uchoraji wake kwenye skrini, na hapo tunazungumza na kadi ya grafiki. Bofya kitufe cha kulia katikati ya weupe. Ikitokea menyu ndogo, hata yenye maneno mawili tu, injini iko hai na inangoja kitu kisichofika. Ukiona kiduara kinazunguka bila kukoma, ukurasa umeanza kuja na kipande kimoja chake kimezuiwa njiani. Na ukikutana na kisanduku kinacholalamika kuhusu skripti na kukuuliza kama uendelee, hiyo ni sauti ya Internet Explorer, na tiba yake ni kutafuta toleo jipya la kiongezi hicho.

Sasa lile neno lako, kwamba Chrome inafungua kila kitu. Watu wengi huniambia hivyo, nami nawaamini, lakini huwa nawauliza: umeifungulia Chrome anwani ipi? Kufungua Google na YouTube kunathibitisha kwamba waya una uhai, wala hakuthibitishi kwamba seva ya maktaba yako inafikika. Andika anwani ya maktaba yenyewe, ingia kwenye akaunti, tafuta modeli moja, ipakue mpaka mwisho. Kwa sababu Chrome na kile kivinjari cha ndani wanashirikiana vitu fulani: waya, saa ya kompyuta, kwa kawaida mipangilio ya proksi (kompyuta ya katikati ambayo baadhi ya mitandao hupitishia mawasiliano), na faili moja nitakayoieleza sasa hivi. Vitu vingine hawashirikiani kabisa: toleo la injini, folda ya kumbukumbu, ruhusa za kutoka nje, na namna ya kuchora kwenye skrini. Jaribio hilo moja la anwani ileile linagawanya makosa yote mafungu mawili, na halikugharimu zaidi ya dakika tano.

Nikisoma swali lako, sentensi iliyonisimamisha si ile ya Chrome. Ni ile inayosema programu ya kwanza haikuwa imelipiwa.

Nakala za aina hiyo haziwezi kuishi zikiwa na mawasiliano na mwenye programu, kwa hiyo anayeziweka huziba njia. Anafanya hivyo kwa njia mbili, mara nyingi zote kwa pamoja, na hakuna hata moja inayoondoka unapoiondoa programu. Njia ya kwanza ni faili iitwayo hosts, iliyoko C:\Windows\System32\drivers\etc. Ni kitabu kidogo cha anwani ambacho Windows hukisoma kabla ya kuuliza mtandao. Mtu akiandika humo 127.0.0.1 (anwani ya kompyuta yako yenyewe) au 0.0.0.0 (anwani isiyofika popote) kisha jina la seva ya kampuni, kompyuta yako haitafika kwenye seva hiyo milele. Itajigonga yenyewe mlangoni. Tovuti nyingine zote zitafunguka kama kawaida, ndiyo maana Chrome inaonekana haina dosari. Leo umelipia leseni, una haki zote, lakini kitabu bado kinasema njia hiyo imefungwa.

Ifungue hivi. Tafuta Notepad, uifungue kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kisha kutoka ndani yake nenda kwenye folda hiyo. Chagua ionyeshe faili za aina zote, kwa kuwa hosts haina kiambishi cha nukta mwishoni na bila hivyo folda itaonekana tupu. Nakili faili nzima kwanza uiweke mahali pengine. Kwenye Windows 10 au 11 iliyo safi, kila mstari wenye maandishi huanza na alama ya #, maana yake ni maelezo tu yasiyotekelezwa. Mstari usio na alama hiyo, na wenye jina la kampuni ya programu yako ndani yake, ufute. Shuka mpaka chini kabisa ya faili, dada, hata kama inaonekana imeisha. Nimekuta faili ambazo mtu aliacha mistari mitupu mia mbili kisha ndipo akaandika vizuizi vyake, ili mwenye laptopu asivione. Hifadhi kwa jina hilohilo la hosts bila kuongezwa .txt. Ikikataa kuhifadhi, angalia sifa za faili, huenda imewekewa alama ya kusomwa tu. Mwisho andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, na uandike ipconfig /flushdns ili Windows isahau majibu ya zamani. Fungua programu ya kuchora upya.

Njia ya pili ni faiawoli ya Windows, mlinzi anayeamua programu gani itoke mtandaoni na gani isitoke. Andika wf.msc kwenye sehemu ya kutafutia na ubonyeze Enter. Upande wa kushoto, mstari wa pili ndio unaohusu mawasiliano yanayotoka kwenda nje. Utaona orodha ndefu yenye alama za kijani. Alama nyekundu za kuzuia ni chache, na ndizo unazozitafuta. Ukikuta yenye jina la programu yako, fungua uone inataja folda ipi, kisha uizime. Usiifute mpaka uhakikishe. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita: kizuizi cha namna hii hufuata njia ya faili. Toleo lako jipya likikaa kwenye folda yenye mwaka tofauti, kizuizi cha zamani hakiligusi. Likikaa kwenye folda yenye jina lilelile, linarithi kizuizi chote. Kwa hiyo kama anwani ya maktaba inakataa hata kwa Chrome, nashuku hosts. Kama Chrome inaifungua na kupakua vizuri huku dirisha la ndani likibaki jeupe, nashuku faiawoli, au mojawapo ya mambo yanayofuata.

Ukiwa hapohapo, andika appwiz.cpl uone kama nakala ile ya kwanza bado ipo kwenye orodha ya programu zilizowekwa. Iondoe. Kisha iache antivirasi ya Windows yenyewe ichunguze diski nzima usiku mmoja, maana zana za kuvunjia leseni mara nyingi huletwa na wageni wengine wasioalikwa, na wewe sasa unaingiza nenosiri la akaunti uliyoilipia kwa pesa zako.

Vijana wanaouza laptopu zilizotumika wana desturi nyingine, na hii wanaifanya kwa nia njema: wanazima masasisho ili bando la mteja lisiishe. Nawaelewa. Lakini WebView2 husasishwa na huduma ileile inayosasisha Microsoft Edge, na wengine huenda mbali zaidi, wanaing'oa Edge yote ili kompyuta iwe nyepesi, na mara nyingine injini ya pamoja huondoka nayo. Programu yako ikija kuiita, hakuna anayeitika. Kwenye orodha ya appwiz.cpl tafuta jina linalotaja WebView2. Ikiwa halipo, au toleo lake ni la miaka kadhaa nyuma, hapo ndipo penye kazi. Tovuti ya Microsoft inatoa kisakinishi cha bure cha aina mbili: kidogo sana kinachovuta mengine kutoka mtandaoni, na kikubwa cha zaidi ya MB 100 kinachojitosheleza. Mimi hupendekeza kikubwa, ukipakue mara moja mahali penye Wi-Fi, ukiweke kwenye flashi, na kitakusaidia hata kwa laptopu ya mwenzako karakanani. Kama bado uko kwenye Windows 7 au 8.1, injini hii iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, na programu mpya za kuchora hazitakubali. Windows 10 ya toleo la 22H2 haina wasiwasi huo: msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imesema WebView2 itaendelea kusasishwa juu yake hadi angalau Oktoba 2028.

Kuhusu saa nitakaa kidogo, kwa sababu laptopu yako ni ya Uingereza. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Tangu Septemba 2020 vivinjari vimekataa vyeti vipya vyenye uhai wa zaidi ya siku 398, na mpango uliopitishwa 2025 unaupunguza uhai huo hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo mwaka 2029. Kwa hiyo kompyuta ambayo saa yake imerudi nyuma mwaka mmoja inaona vyeti vyote kama vya kesho ambayo haijafika. Hutokea betri kuu ikiisha kabisa au ikitolewa, nayo ile betri ndogo ya kutunza saa, mara nyingi CR2032 ya umbo la sarafu, imechoka. Chrome ingekulalamikia wazi kuhusu hilo, kwa hiyo sidhani ndilo lako.

Lakini kuna kosa la saa lililo jembamba zaidi. Kijana mmoja anayechora ramani za nyumba, yuko hapo Ngong Road kama wewe, alikuwa akiingia kwenye akaunti na kutolewa papo hapo. Saa yake ilikuwa sahihi kabisa ukiilinganisha na simu. Nilipobofya nikakuta eneo la saa ni London. Laptopu ilipofika aliona saa imekosea, akaisogeza mbele kwa mkono mpaka ikafanana na ya Nairobi, bila kubadilisha eneo. Kwa macho yake ni saa tisa alasiri. Kwa seva, kompyuta hiyo ilikuwa inadai kuwa saa kadhaa mbele ya dunia nzima. Kurasa za kawaida zilifunguka, kwa kuwa cheti hakijali saa tatu, lakini ruhusa za kuingia kwenye akaunti huishi muda mfupi, nyingine dakika chache tu, na zake zilikuwa zimeshaisha kabla hajazipokea. Andika timedate.cpl, chagua eneo la Nairobi, lile la saa tatu mbele ya saa ya dunia, na uiruhusu Windows ijipangie saa kutoka mtandaoni. Ni dakika moja. Kwa laptopu yoyote iliyotoka nje mimi huanza hapo.

Ikiwa hosts ni safi, faiawoli haina kizuizi, injini ipo na saa ni ya Nairobi, nenda kwenye folda ya kumbukumbu. Kila kivinjari kilichopachikwa hujiwekea folda yake ya kurasa zilizohifadhiwa na alama za kuingilia, nje ya folda ya programu, kwenye eneo lako wewe mtumiaji. Stima ikipotea katikati ya kuandika, na laptopu nyingi zilizotumika hazina betri ya kuvumilia hata dakika mbili, folda hiyo huharibika, na injini inaikuta mbovu kila inapowaka. Funga programu kabisa. Andika %localappdata% kwenye sehemu ya kutafutia, ingia kwenye folda ya kampuni ya programu yako, na kama ni WebView2 tafuta ndani yake folda iitwayo EBWebView. Usiifute. Ibadilishe jina, iite EBWebView-zamani, kisha fungua programu, itajitengenezea mpya. Utaombwa kuingia kwenye akaunti tena, lakini michoro yako haiguswi, haikai humo. Kabla hujatoka hapo tazama diski C ina nafasi kiasi gani. Laptopu hizi nyingi zina diski ya GB 128, na michoro, video na picha za simu huijaza upesi. Ikijaa, kivinjari hakipati mahali pa kuandika na kinakuwa cheupe bila kusema lolote, wakati programu yenyewe inaendelea kuchora kwa sababu mchoro wake uko tayari kwenye kumbukumbu.

Uchoraji kwenye skrini nitaupitia haraka, kwa kuwa dalili zako hazielekei huko. Ikiwa ukurasa ulimulika ulipovuta ukingo, na injini ni WebView2, fungua cmd uandike setx WEBVIEW2_ADDITIONAL_BROWSER_ARGUMENTS "--disable-gpu", funga programu na uifungue tena. Hiyo inailazimisha injini ichore bila kadi ya grafiki. Dirisha likifunguka, umemjua mwenye kosa: draiva ya kadi, programu ndogo inayoiongoza. Ipate mpya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, kisha uondoe amri ile kwa reg delete HKCU\Environment /v WEBVIEW2_ADDITIONAL_BROWSER_ARGUMENTS /f, maana ukiiacha itagusa kila programu inayotumia injini hiyo na kuifanya nzito.

Na kama una antivirasi ya kununua, nikusimulie hili. Ofisi moja ya wasanifu majengo kule Upper Hill iliniita Jumatatu moja, kompyuta kumi na moja, zote dirisha jeupe tangu asubuhi. Walikuwa wameshamlaumu mtoa intaneti na kuzima na kuwasha vifaa vyake. Nilichukua kompyuta moja nikaiunganisha na hotspoti ya simu yangu. Weupe uleule, kwa hiyo mtandao wa ofisi haukuwa na kosa. Nikasimamisha antivirasi kwa dakika tano, dirisha likajaa picha. Mwishoni mwa wiki antivirasi ilikuwa imejisasisha na kuanza kufungua mawasiliano yaliyofichwa ili iyachunguze, ikiweka cheti chake mahali pa cheti cha tovuti. Vivinjari vya kawaida vilikikubali, kivinjari cha ndani ya programu kikakataa, na kilikuwa na haki kukataa. Hatukuiacha antivirasi imezimwa. Tuliiagiza isichunguze mawasiliano ya programu hiyo peke yake, na kazi ikaendelea. Jaribio la hotspoti nakuomba ulifanye wewe pia, hata kwa bando dogo la siku, kwa kuwa ukurasa wa maktaba hauli data nyingi ilimradi hupakui modeli kubwa.

Kwa jinsi ulivyoandika, jioni ya leo ningefungua hosts kwanza, halafu wf.msc, na naamini hutafika mbali zaidi ya hapo. Ukifika, niandikie tena na unitajie mambo haya: jina la faili iliyozaliwa ulipofungua dirisha, toleo la WebView2 kama ipo, Chrome ilifanya nini na anwani ya maktaba yenyewe, na weupe ulikuwaje ulipovuta ukingo. Nikiwa na hayo manne sitakuwa nabahatisha, nawe hutanunua bando jingine la kuiweka programu ambayo haijawahi kuharibika.